Goti Lenye Linateleza: Kushona, Kupandikiza ao Kulifundisha Upya

Siku ya Yenga mangaribi, kijana anapokea mupira, anapanda muguu mu matope na kugeuza mwili upande wa kushoto. Mwili unageuka, lakini muguu unabakia pale. Mu goti kunalia kitu, "tak", kama fimbo kavu yenye kuvunjika. Hakuna mutu mwenye alimugonga. Mbele usiku uingie, goti limevimba. Kesho yake jirani anakuja na maji ya moto na majani, anamukanda mpaka analia. Kisha wiki 3 kijana anatembea vizuri na kila mutu anasema amepona. Siku yenye anarudi ku tereni, ao siku yenye anashuka mulima na mufuko wa muhogo ku mugongo, goti linateleza chini yake na anaanguka.

Ku barabara ya Kashebere, Mpofi na Kibua, mahali Masisi na Walikale zinapakana, goti kama hilo linapatikana ku wachezaji, ku wamotari, ku wachimbaji wa madini na ku wamama wenye kubeba mizigo mu utelezi. Watu wanasema tu: "Mushipa umekatika." Mara nyingi wanasema kweli. Lakini kisha hapo familia inaanza kujiuliza kama iuze ng'ombe ao kipande cha shamba ili kijana apasuliwe Goma. Hapo ndipo inafaa kujua kwamba kuko namna nyingi za kupasua, kuko pia namna ya kuponya bila kupasua, na si kila moja inafaa kila mutu.

Ni mushipa gani huo?

Mu lugha yetu tunaita "mushipa" kila kitu chenye kufanana na kamba mu mwili. Wanganga wanatofautisha. Mushipa wa damu ni bomba. Kano inaunganisha nyama na mufupa. Ligamenti inaunganisha mufupa na mufupa mwingine. Katikati ya goti kuko ligamenti 2 zenye kupishana kama musalaba, ndiyo maana zinaitwa ligamenti za musalaba. Yenye kukatika zaidi ni ya mbele. Ku karatasi za hopitali zetu inaandikwa LCA. Ni fupi, karibu sentimita 3, na unene wake ni kama kidole kidogo. Kazi yake ni kuzuia mufupa wa muundi usiteleze mbele na usizunguke ovyo chini ya paja.

Kutembea katika njia ya sawasawa hakuhitaji sana ligamenti hii. Ndiyo maana mutu anaweza kutembea kilometa nyingi bila kujua kama imekatika. Inahitajika wakati wa kugeuka kwa haraka, kuruka, kushuka mulima na kusimama gafula. Wenye kukaa mu milima ya Masisi wanaelewa kwamba hayo si mambo ya wachezaji tu.

Wanawake wenye kucheza mupira wanaikata zaidi kuliko wanaume wenye kucheza mupira uleule. Hesabu zenye kutolewa mara nyingi zinasema mara 2 mpaka 8. Umbo la mifupa, nguvu ya nyama za paja na namna ya kutua chini kisha kuruka, yote iko ndani. Ekipe za wasichana zinapaswa kulijua jambo hili mapema.

Kujua kama imekatika kweli

Alama 3 zinasaidia sana: mulio wakati wa kuumia, goti lenye kuvimba mu masaa machache (uvimbe wa haraka hivyo ni damu), na kisha siku kadhaa goti lenye linateleza. Munganga ao muuguzi mwenye alifundishwa anaweza kupima kwa mikono yake tu. Anakunja goti kidogo, digrii 20 mpaka 30, anashika paja kwa mukono moja na muundi kwa mukono mwingine, kisha anavuta muundi mbele. Kama unakuja mbele bila kusimama vizuri, na ku goti lingine hauji, jibu limepatikana. Kipimo hicho kinaitwa kipimo cha Lachman, na hakihitaji umeme. Ni afazali kukirudilia wakati uvimbe umepunguka, sababu goti lenye kuuma linajikaza na linadanganya mikono.

Watu wengi wanalazimisha wapigwe radio (si hii ya kusikiliza). Picha hiyo inaonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Iko na faida ya kujua kama mufupa umevunjika, lakini kama munganga anasema "radio iko muzuri", hiyo haina maana kwamba ligamenti iko nzima.

Mu siku za kwanza, kukanda goti kwa nguvu na maji ya moto kunaongeza damu na uvimbe. Yenye kufaa ni kupumuzisha muguu, kuuinua juu ya mufuko ao mablanketi, kuweka kitambaa cha maji ya baridi, na kufunga bandeji bila kukaza sana. Hasira ya jirani mwenye alikuja na majani itapita.

Kuko hali moja yenye haingojei kesho. Kama moto imeanguka juu ya muguu na goti limetoka mahali pake, mushipa mukubwa wa damu wenye kupita nyuma ya goti unaweza kupasuka ao kuzibika. Angalia muguu chini: kama uko baridi, mweupe, ao hausikii kitu, muguu huo uko na masaa 6 mpaka 8 hivi mbele ya kufa. Hata kama goti limerudi lenyewe mahali pake, hatari iko. Mugonjwa huyo anapelekwa haraka ku hopitali yenye kuweza kupasua. Mambo ya ligamenti yatakuja nyuma sana.

Kupasua si lazima kwa kila mutu

Mwaka 2010, wanganga wa Sweden walitoa matokeo ya uchunguzi wenye ulishangaza wengi. Walichukua vijana na watu wazima 121 wenye ligamenti ya mbele imekatika, watu wenye kufanya michezo. Nusu ya kwanza, watu 62, walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Wengine 59 walifanya mazoezi kwanza, na kama goti liliendelea kuteleza waliweza kuomba kupasuliwa. Kisha miaka 2, magoti ya pande zote mbili yalikuwa karibu sawa. Kati ya wale 59, watu 23 tu walikuwa wamepasuliwa. Kisha miaka 5 walikuwa wamefika 30. Ni kusema, karibu nusu yao hawakupandikizwa ligamenti.

Kwa mutu wa Mpofi habari hiyo ni kubwa. Mazoezi yenye kupangwa vizuri si dawa ya maskini yenye kutolewa sababu hakuna kitu kingine. Ni matibabu ya kweli, yenye wenye pesa wa Ulaya wanapewa pia.

Lakini tusiivute habari hiyo kupita mahali pake. Uingereza walifanya uchunguzi mwingine, ukatoka mwaka 2022, ku watu 316 wenye goti lao lilikuwa linateleza tangu muda murefu. Kwao, kupasuliwa kulileta goti bora kuliko mazoezi peke yake. Kwa hiyo goti lenye limeumia juzi na goti lenye linaangusha mutu tangu mwaka jana si kitu kimoja. La kwanza linaweza kupewa nafasi ya mazoezi, miezi 3 ivi. La pili likiendelea kuteleza linaharibu vitu vingine ndani: meniski, zile gegedu 2 zenye umbo la mwezi muchanga zenye kulala kati ya mifupa. Kila mara goti linateleza, meniski inasagwa. Ligamenti inaweza kubadilishwa, lakini meniski yenye imeisha hairudi.

Na wala kupasua hakuondoi hatari ya goti kuzeeka mapema na kuuma kisha miaka 15 ao 20. Mutu mwenye kusema kwamba operesheni itarudisha goti la kuzaliwa anauza maneno.

Kutoka uzi wa 1895 mpaka kano ya leo

Wazo la kwanza lenye kuja mu kichwa cha kila mutu ni kushona: kitu kimekatika, tukishone. Wanganga nao walianzia hapo. Mwaka 1895, mu muji wa Leeds, Uingereza, munganga mupasuaji Arthur Mayo Robson alifungua goti la muchimbaji wa makaa ya mawe mwenye miaka 41 na kushona ligamenti zake zote 2 za musalaba na uzi wenye kutengenezwa na utumbo wa munyama. Muchimbaji yule alirudi kazini mu mugodi. Ile operesheni yenye inahesabiwa kuwa ya kwanza ya ligamenti hizi ilifanywa basi kwa mutu wa mugodi, si kwa muchezaji wa mupira.

Kushona kuliendelea mpaka miaka ya 1970. Kisha ikaja habari mbaya. Mwaka 1976, wanganga Feagin na Curl waliandika juu ya vijana wa shule ya kijeshi ya West Point, Marekani, wenye walikuwa wameshonwa. Mu miaka 2 ya kwanza magoti mengi yalionekana mazuri. Kisha miaka 5, wengi walikuwa wanateleza tena na wameumia upya. Sababu yake inaeleweka. Jeraha la ku ngozi linapona sababu damu inaganda kati ya pande 2 na kutengeneza daraja. Ndani ya goti kuko maji yenye kulainisha, na maji hayo yanasukula ile damu mbele igande. Pande 2 zinabakia kuangaliana bila kufikiana.

Walijaribu pia kamba za kiwanda, zaidi mu miaka ya 1980: kaboni, Dakroni, Gore-Tex. Zilikuwa na nguvu siku ya kwanza, lakini nyuzi zilisagika mu goti, goti likavimba, na kamba zikakatika. Sehemu kubwa ya wanganga waliziacha.

Njia yenye ilishinda ni kupandikiza. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves, wa Bristol, alichukua ukanda wa ngozi ngumu yenye kufunika nyama za paja ya mugonjwa mwenyewe, akaupitisha mu matundu yenye alitoboa mu mifupa, mahali ligamenti ya zamani ilikuwa. Wazo hilo ndilo wanganga wanatumia mpaka leo: chukua kano ya mugonjwa yenye anaweza kuishi bila yote, toboa tundu mu mufupa wa paja na lingine mu mufupa wa muundi, pitisha kano, kaza ncha zake. Pole pole mwili unaigeuza kuwa ligamenti.

Kushona hakukufa kabisa. Marekani, mu Desemba 2020, waliruhusu kipande cha kolajeni chenye kulowanishwa na damu ya mugonjwa na kuwekwa kati ya pande 2 zenye kukatika, ili kishike ile damu isisukulwe. Bado ni mambo ya hopitali chache za inchi tajiri.

Kano ya mbele ao kano ya nyuma?

Hapa ndipo kuko mabishano makubwa ya wanganga, na hapa pia mugonjwa wa kwetu ana neno la kusema.

Njia ya kwanza inachukua sehemu ya katikati ya kano yenye kutoka ku kifuniko cha goti na kushuka ku muundi, pamoja na kipande cha mufupa kila upande. Ku karatasi za kifaransa inaandikwa KJ, kwa jina la Kenneth Jones mwenye aliieleza mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba mufupa unashikana na mufupa, kama vile kuvunjika kwa kawaida kunavyopona, karibu wiki 6. Inakaza goti sana. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kazi wanapewa hiyo. Ubaya wake: mbele ya goti panaweza kuuma muda murefu, zaidi wakati wa kupiga magoti.

Njia ya pili inachukua kano 2 ndefu za nyuma ya paja, upande wa ndani. Zinakunjwa mara mbili, zinakuwa nyuzi 4 pamoja. Ku karatasi inaandikwa DIDT. Kovu ni dogo na mbele ya goti hapaumi sana. Lakini kano inachukua muda zaidi kushikana na mufupa, wiki 8 mpaka 12, na nyama za nyuma ya paja zinapoteza nguvu kidogo.

Ni gani yenye kukatika zaidi? Mwaka 2017 watafuti walikusanya hesabu za wagonjwa zaidi ya 47,000. Kwa KJ, wenye walikata tena walikuwa 2.80 ku 100. Kwa DIDT, 2.84 ku 100. Tofauti hiyo ni ndogo sana. Ku vijana wenye kucheza michezo ya kugeuka-geuka, hesabu za inchi za Scandinavia zinaonyesha KJ inavumilia zaidi kidogo.

Kama nguvu zinakaribiana hivyo, basi maisha ya mutu ndiyo yanapaswa kuamua. Wachezaji wa Ulaya hawapigi magoti sana. Kwetu, mama analima akiwa amepiga magoti, anafua akiwa amepiga magoti, anasali akiwa amepiga magoti. Muchimbaji anaingia mu shimo kwa magoti na mikono. Muislamu anashuka chini mara nyingi kila siku. Kwa hao, operesheni yenye kuacha maumivu mbele ya goti inaweza kumuponyesha mutu kuteleza na kumuzuia kufanya kazi. Kano za nyuma ya paja zinawafaa zaidi mara nyingi. Lakini munganga mwenye anatoka mbali, ao mwenye kusomea mu vitabu vya wachezaji, hatafikiri juu ya hayo kama mugonjwa hasemi. Sema: "Docta, mimi kazi yangu ni ya kupiga magoti." Neno hilo ni la maana kuliko mugonjwa anavyofikiri.

Njia ya tatu, yenye inatumiwa zaidi sasa, inachukua kano ya juu ya kifuniko cha goti, ile ya nyama kubwa ya mbele ya paja. Ni nene, na haileti maumivu ya kupiga magoti kama KJ. Inaomba mazoezi makali ya paja, sababu nyama hiyo ndiyo yenye kunyoosha goti.

Kano ya mutu mwenye amekufa inatumiwa pia mu inchi zenye ziko na benki ya kuhifazi viungo mu baridi kali. Kwa vijana inakatika zaidi kuliko kano yao wenyewe. Kwa hiyo kwetu, kuikosa si hasara kubwa.

Kuko nyongeza moja yenye kufaa kujulikana. Mu miaka ya 1960 mufaransa Marcel Lemaire alikuwa anaongeza mukanda inje ya goti, upande wa kando, wenye kukatwa ku ngozi ile ngumu ya paja. Njia hiyo iliachwa na wengi, kisha ikarudi. Mwaka 2020 ulitoka uchunguzi wa vijana 618 wenye miaka 14 mpaka 25 wenye walipandikizwa kano za nyuma. Wenye hawakuwekewa mukanda, 11 ku 100 walikata tena mu miaka 2. Wenye walipata mukanda, 4 ku 100. Kijana mwenye goti legevu sana anaweza kuuliza juu yake. Haiombi kitu cha kununua Ulaya, ni ngozi yake mwenyewe.

Kwa mutoto mwenye bado anakomaa ni hesabu tofauti. Matundu mu mifupa yanaweza kugusa mahali mufupa unaongezekea, muguu ukakuwa mufupi ao ukapinda. Huyo anapaswa kuangaliwa na munganga mwenye kuzoea watoto.

Kamera ao kisu kirefu

Leo operesheni nyingi zinafanywa na artroskopi: matundu 2 ao 3 madogo, kamera inaingia moja, vyombo vinaingia mengine, munganga anaangalia ku televizyo. Mugonjwa anaumwa kidogo mu siku za kwanza na munganga anaona meniski vizuri. Muhimbili, Dar es Salaam, taasisi ya mifupa ya MOI inafanya kazi hiyo, wakati zamani Watanzania wengi walitumwa India.

Lakini kamera si ligamenti. Munganga mwenye kujua kazi anaweza kupandikiza kano ileile kwa kufungua goti kidogo na kisu, na kisha miaka kadhaa goti halitofautiani sana na la kamera. Yenye kuharibu kazi zaidi ni matundu ya mufupa yenye kutobolewa mahali pabaya, na hilo linatokea na kamera ao bila kamera. Mikrobi nayo inaingia kwa wagonjwa wachache, karibu moja ku 100 ao chini yake, lakini ikiingia inaweza kula goti lote. Kwa hiyo usafi wa chumba cha kupasulia ni wa kuuliza mbele ya kuuliza kama kuko televizyo.

Miezi 9

Yannick Bolasie, wa Léopards, aliumia ligamenti ya mbele tarehe 4 Desemba 2016 akichezea Everton. Mwezi wenye ulifuata, wenzake walienda Kombe la Afrika Gabon bila yeye na kufika robo fainali. Yeye alirudi ku uwanja mu Desemba 2017. Mwaka muzima, na alikuwa na wanganga, kine na mashini zote. Wapenzi wa Mbwana Samatta, mwenye alipita TP Mazembe, wanakumbuka pia kwamba Aston Villa ilimununua mu Januari 2020 sababu mushambuliaji wao Wesley alikuwa amekata ligamenti tarehe 1 mwezi uleule. Wesley alirudi mu Aprili 2021.

Tunataja hao sababu mu vijiji vyetu mutu anapasuliwa na kisha miezi 3 anarudi ku tereni ao ku mashimo, maana kovu limefunga. Kano mupya mu miezi ya kwanza inakuwa dhaifu zaidi kuliko siku iliwekwa, sababu mwili unaibomoa ili uijenge upya. Watafuti wa Norvege na Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba kila mwezi mutu anangojea, mpaka mwezi wa 9, unapunguza karibu nusu hatari ya kuumia tena.

Mazoezi yenyewe hayaombi mashini. Wiki za kwanza: kunyoosha goti mpaka liguse chini, kukaza nyama ya paja juu ya kitambaa chenye kukunjwa, kuvuta kisigino pole pole kuelekea matako. Goti lenye halinyooki kabisa mu wiki hizo linaweza kubakia kilema, hata kama kano iko nzuri. Kisha kusimama na muguu moja, kukaa nusu na kusimama, kupanda na kushuka jiwe ao ngazi, kubeba chupa za maji kama uzito. Mu miezi ya mwisho ndipo kuruka na kugeuka. Mbele ya kurudi ku mupira, ruka na muguu wenye ulipasuliwa, pima umbali, kisha ruka na mwingine: wa kwanza ufikie angalau 90 ku 100 ya wa pili. Mwenye alichagua kuponya bila kupasua anafuata njia ileile.

Kwa ekipe zenye hazijapata mugonjwa, kuko mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, dakika 20 mbele ya kucheza: kukimbia, kusimama na muguu moja, kuruka na kutua magoti yakiwa wazi, yasigusane. Hayaombi hata koni; mawe yanatosha.

Mbele ya kupanda moto

Kutoka Mpofi, njia moja inaenda Kibua na Walikale-centre, nyingine inaenda Nyabiondo, Masisi-centre, Sake na Goma. Toka M23 ilipokamata Goma mwisho wa Januari 2025, mugonjwa wa upande huu hakuhesabu tena kilometa tu, alihesabu na bariere. Safari ya bure inaumiza zaidi kuliko goti. Anza ku kituo cha afya, upimwe, upewe barua. Kisha familia ipige simu mbele ya kuondoka.

Goma, hopitali ya HEAL Africa ilianzishwa na Jo Lusi, munganga mupasuaji wa mifupa, na muke wake Lyn. Ndosho, hopitali ya CBCA, imekuwa ikisaidiwa na wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa kwa watu wenye kupigwa risasi. Na Shirika la Umoja ni kituo cha kutengeneza viungo na kufundisha watu kutembea upya. Kila moja iko na kazi zake na foleni yake. Muulize: munapandikiza ligamenti ao munatuma mahali pengine? Ni kano gani munganga anatumia, na ameshaifanya mara ngapi? Bei iko na visi, dawa na kine ndani, ao ni ya kisu tu? Meniski ikikutwa imepasuka, mutaishona siku ileile?

Ulizeni pia mugonjwa atakaa wapi wiki 6 za kwanza. Mwenye iko na shangazi ao ndugu Goma, karibu na kine, amepata nusu ya matibabu yake. Mwenye anarudishwa siku ya 4 nyuma ya moto, muguu wa kupasuliwa ukining'inia mu mashimo ya barabara mpaka Kashebere, bora angojee mbele ya kupasuliwa mpaka nyumba ya kulala ipatikane.